Kuunga Plastiki za Pikipiki Zilizovunjika Ukiwa Nyumbani

Pikipiki inapoanguka ikiwa imesimama, mara nyingi injini na chasisi hazipati madhara yoyote, lakini kava la pembeni hupasuka, sikio lake moja hukatika, na hausi ya taa ya mbele hupata ufa unaoanzia kwenye tundu la skrubu. Wengi hukimbilia kununua kava jipya, au hupaka gundi juu ya ufa na kurudia kazi ileile baada ya wiki mbili. Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji karakana: chuma cha kulehemu cha umeme, yaani kile chenye ncha wanachotumia mafundi wa redio, msasa wa namba kadhaa, drili ndogo, na subira. Jambo linaloamua kama kazi itadumu ni kujua plastiki uliyoishika ni ya aina gani kabla ya kuigusa kwa moto au kwa gundi.

Kabla ya hapo, kuna vitu ambavyo havifai kuungwa nyumbani. Tanki la mafuta la plastiki lisikaribishwe kwenye moto hata kama limemwagwa na kuanikwa siku nzima, kwa sababu mvuke wa petroli hubaki ndani na kinachohitajika ili ulipuke ni joto tu. Kikombe cha mafuta ya breki, kishikio cha kebo ya breki, na sehemu yoyote inayobeba uzito wa dereva au abiria ni za kubadilishwa. Kioo cha taa nacho huungika vibaya, maana ufa wake hauwezi kufichika na maji hupenya. Kinachobaki ndicho tunachokizungumzia: kava za pembeni, kava la mkia, hausi ya taa, madigadi, na zile kinga za mbele zinazofunika kifua cha pikipiki.

Kuitambua plastiki

Geuza kipande, ukioshe upande wa ndani kwa sabuni na brashi ya meno, kisha utafute herufi zilizochapwa kati ya alama mbili zenye umbo la mshale. Ukiona >ABS<, una plastiki ngumu yenye kung'aa ambayo kava nyingi zilizopakwa rangi hutengenezwa kwayo. Ukiona >PP<, hiyo ni polipropilini, ambayo hutumika sana kwenye madigadi ya pikipiki za matope, kinga za ndani ya gurudumu na sanduku la kichujio cha hewa. Alama kama >PA6-GF30< inamaanisha nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo kwa asilimia 30, nayo ni ngumu kuunga kwa moto, hivyo huwa naiachia gundi ya epoksi.

Alama ikiwa imefutika, chukua kinyuzi chembamba ulichokwangua kwa wembe na ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Tone hilo ni la lazima, kwa kuwa bila sabuni hata kipande kizito kinaweza kushikiliwa juu na uso wa maji na kukudanganya. Polipropilini na polithini huelea, ABS huzama. Jaribio la pili ni la asetoni: lowesha pamba kidogo na uiguse mahali pasipoonekana. ABS hulainika na kunata baada ya sekunde chache, ilhali polipropilini haishtuki kabisa. Mkono wenyewe nao hufundishika. Polipropilini ina utelezi kama wa nta, hukunjika ikaacha alama nyeupe bila kukatika, na ukiigonga kwa ukucha hutoa mlio mzito. ABS hukatika kwa mlio mkavu.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu niliwahi kuiruka. Digadi ya mbele ilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, nami nikaijaza supagluu na kuifunga kwa tepu usiku kucha. Asubuhi ilionekana imeshika. Nilipoikunja kidogo tu, gundi yote ilibanduka kwa mpigo mmoja, kipande kimoja kirefu chenye umbo la ufa wenyewe, mithili ya gamba la samaki. Ilikuwa polipropilini, na gundi za kawaida haziishiki plastiki hiyo.

Maandalizi

Okota kila kipande kilichoanguka, hata kidogo kama punje ya mchele. Kipande cha asili huonyesha umbo halisi la mahali pake, na kukitengeneza upya kwa kukisia ni kazi ya saa nzima. Osha sehemu zote kwa sabuni na maji ya vuguvugu, zikauke, kisha ndipo upige msasa. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, utakuwa unaisukumiza grisi ndani ya mikwaruzo. Usitumie petroli kusafisha ABS. Petroli, kama yalivyo mafuta ya breki, huishambulia plastiki hiyo hasa pale ilipovutwa na skrubu, na nyufa ndogo huweza kutokea hata kama hakuna aliyeigonga.

Baada ya hapo utafute mwisho wa ufa. Ufa unaouona kwa kawaida si mrefu kama ulivyo kweli. Ukiukunja mpasuko taratibu kuelekea kwenye mwanga, utaona mstari mweupe mwembamba unaoendelea mbele ya pale ulipodhani umeishia. Toboa tundu la milimita 2 hadi 3 mwishoni kabisa mwa mstari huo. Ncha ya ufa ni kali kama ya sindano, na mtikisiko wote wa injini hukusanyika hapo. Tundu la duara huusambaza mvuto huo kwenye ukingo mpana, na ufa hukosa pa kuendelea. Bila tundu hilo, utaunga ufa vizuri sana na kisha uuone ukitokeza sentimita moja mbele ya kazi yako.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiacha: rudisha kava kwenye pikipiki likiwa bado limevunjika, ulifunge skrubu zake, uyapange mapande, na uyabane kwa tepu upande wa nje. Kava lililoungwa juu ya meza linaweza kuonekana zuri, lakini likipinda kwa milimita mbili tu tundu la mwisho halitakutana na mahali pake, na utakapolilazimisha kwa skrubu utakuwa umeanzisha ufa mpya. Likiwa limekaa kwenye pikipiki, tumia ncha ya chuma chenye moto kuyeyusha nukta ndogo za kushikiza upande wa ndani, moja kila sentimita mbili, ili ushike umbo. Mahali mkono usipofika, weka tone la supagluu kwa muda. Kisha livue na uendelee mezani.

Kuunga kwa moto

Fanya kazi hii nje au mbele ya dirisha lililo wazi, ukiwa na feni inayousukuma moshi mbali nawe. ABS ikichomwa hutoa mvuke wa staireni pamoja na gesi nyingine zisizofaa kuvutwa, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke. Inayosaidia ni ile yenye vichujio vya kaboni.

Chuma cha kulehemu chenye kurekebishwa joto ni bora zaidi. Kwa ABS huwa naanza kwenye nyuzi 250 hivi za Selsiasi, kisha naongeza au kupunguza baada ya kujaribu kwenye kipande kisicho na kazi. Usiongozwe na namba, tazama plastiki yenyewe: joto likiwa sahihi, plastiki hulainika na kufuata ncha kama asali nzito, bila kutoa moshi mwingi na bila kugeuka rangi ya kahawia. Ikichemka na kutoa mapovu, umeiunguza, na plastiki iliyoungua haina nguvu hata ikipoa vizuri.

Anza upande wa ndani. Chimba mfereji wenye umbo la V kando ya ufa wote, wenye kina cha karibu nusu ya unene wa kava, ambao kwa kawaida ni milimita 2 hadi 3 tu. Kisha uujaze kwa plastiki ya aina ileile, kwa maana plastiki za aina tofauti hukataa kuchanganyika hata zikiyeyuka pamoja. Vijiti vya kujazia unaweza kuvikata kutoka kwenye kava la zamani lililokwisha kazi. Matofali ya kuchezea ya LEGO hutengenezwa kwa ABS, na tofali moja jeusi lililokatwa vipande limewahi kunimalizia kazi ya jioni nzima. Kosa la kawaida ni kuyeyusha kijiti peke yake na kukipaka juu ya ufa kana kwamba unapaka siagi. Plastiki mpya hukaa juu kama koti, na siku moja hubanduka nzima. Kingo za kava lazima ziyeyuke pamoja na kijiti. Zungusha ncha katika miviringo midogo mpaka usione mpaka kati ya plastiki mpya na ya zamani, ndipo usogee mbele. Acha sehemu ipoe yenyewe bila kuimwagia maji.

Plastiki pekee haitoshi mahali panapotikisika. Kata kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, kinachovuka ufa kwa sentimita moja hivi kila upande, ukilaze upande wa ndani, na ukikandamize kwa ncha ya moto mpaka plastiki itokeze kupitia matundu yake na kuufunika kabisa. Zingatia unene: ukiusukuma kupita kiasi, umbo la wavu litajichora upande wa nje, na msasa hautalifuta. Kingo za waya zisiachwe wazi, kwani huchoma vidole na kukwangua nyaya za umeme zinazopita nyuma ya kava. Ipo pia mashine ndogo ya kuzamisha pini za chuma zenye moto, ambayo ni ya haraka na hufaa sana kwa ufa mrefu. Pini hupandwa kwa kuuvuka ufa, kisha miguu yake inayotokeza hukatwa kwa koleo.

Upande wa nje uguse mwishoni na kwa uchache. Nguvu yote iwe ndani, na huku nje kubaki mfereji mdogo uliojazwa kiasi cha kupigwa msasa. Kama kava halijapakwa rangi na lina vipele vya kiwandani, mimi huuacha ufa mwembamba uonekane kuliko kuliharibu eneo zima kwa kutafuta ulaini ambao hautafanana na jirani yake.

Rojo ya asetoni, na mahali pa gundi

Kwa ABS kuna njia isiyohitaji moto. Katakata vipande vya ABS, uviweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, umimine asetoni kiasi cha kuvifunika, na uviache usiku mzima. Kesho yake utakuta rojo nzito kama uji, ambayo ikipakwa kwenye ufa huuyeyusha uso wa kava na kuwa kitu kimoja nao asetoni inapokauka. Usitumie kikombe cha plastiki nyepesi, kwa kuwa nacho kitayeyuka. Asetoni hushika moto upesi mno na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini. Kazi hii na ile ya chuma cha moto zisifanyike meza moja kwa wakati mmoja.

Paka rojo kwa tabaka nyembamba, ukilaza kitambaa cha fibaglasi katikati upande wa ndani. Tabaka nene hukauka juu na kubaki laini chini kwa siku kadhaa, na zikikauka husinyaa na kulipinda kava. Mimi huliacha kwa saa 24 angalau kabla ya kulifunga. Kwa polipropilini njia hii haina maana yoyote.

Epoksi, ile ya mirija miwili, ina nafasi yake kwenye ABS na nailoni, ilimradi uso uparuzwe kwa msasa wa namba 80 hadi upoteze mng'ao. Supagluu hushika kwa nguvu lakini hukauka ikiwa dhaifu kwa mtikisiko, kwa hiyo naihesabu kuwa mkono wa tatu wa kushikilia mapande wala si kiungo. Ukiinyunyizia bekingi soda huganda papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe, jambo linalofaa kwa kujaza pengo dogo. Usiifute kwa pamba: supagluu ikikutana na nyuzi za pamba huweza kupata joto la kuunguza kidole.

Digadi ya polipropilini isiyohitaji urembo unaweza kuishona. Toboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, upitishe zile kamba za plastiki za kujibana zinazofungia nyaya, uzikaze, na ukate mikia. Haipendezi, lakini hukubali kukunjwa, na kwa digadi ya kupita matopeni sijaona kinachoizidi kwa kudumu.

Masikio na ndimi

Ukilikagua kava lolote lililovunjika, utaona kwamba mara nyingi si uso uliokwisha bali ni sikio linalopokea skrubu, au ule ulimi wa plastiki unaoingia kwenye mpira wa chasisi. Hapa ndipo fundi wa nyumbani hushindwa, kwa sababu huliunganisha sikio kwa mstari uleule mwembamba uliokatika, na mstari huo tayari ulikwisha kuonyesha kwamba hauwezi mzigo.

Sikio likiwapo, liunge kwa moto pande zote mbili, kisha ulizamishie waya mwembamba wa chuma unaolizunguka tundu na kuingia kwenye mwili wa kava kwa sentimita moja na nusu. Likiwa limepotea, chukua bolti inayolingana na tundu la chasisi, uizungushie karatasi ya alumini iliyopakwa nta ili plastiki isiinate, na uifunge mahali pake ikiwa na washa. Kava likiwa limekaa sawasawa kwenye pikipiki, kunja waya kuizunguka bolti hiyo, uzamishe miguu ya waya kwenye kava, na ujaze plastiki iliyoyeyuka au rojo ya asetoni mpaka sikio jipya lipatikane. Ondoa bolti baada ya kukauka, kisha upanue tundu kwa drili liwe kubwa kidogo kuliko skrubu, kwa kuwa kava linahitaji nafasi ya kucheza injini inapotikisika. Ule mpira wa duara wenye bomba dogo la chuma ndani yake, ambao watu huutupa wakidhani ni wa ziada, ndio uliolilinda sikio la kwanza. Ukikosekana, sikio jipya litakwenda njia hiyohiyo.

Ulimi uliokatika huimarishwa kwa kiini: toboa kitako chake na ulimi wenyewe kwa tundu jembamba, pitisha skrubu ndefu au kipande cha waya mnene, kisha uunge plastiki kukizunguka. Unapolirudisha kava, paka maji ya sabuni kwenye mpira wa chasisi, na siku ya kulivua uvute karibu na ulimi wenyewe, si kwenye pembe ya mbali ya kava ambako mkono wako hugeuka mtarimbo.

Onyo moja zaidi kuhusu skrubu. Ile dawa ya majimaji inayozuia nati zisilegee ni adui wa ABS. Niliwahi kuitia kwenye skrubu nne za kava la mkia kwa nia njema kabisa, na siku chache baadaye kila tundu lilikuwa limezungukwa na nyufa kama utando wa buibui. Kwa plastiki, tumia nati yenye pete ya nailoni ndani au washa ya mpira.

Umaliziaji

Piga msasa kwa namba 120, kisha 180, 320 na 600, ukimwagia maji kwenye zile laini. Mabonde madogo yajazwe kwa fila iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki, kwa sababu fila ya bodi za chuma ni ngumu mno na hupasuka kava likikunjika. Kisha praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi, na rangi ya kopo la kupuliza kwa tabaka nyembamba. Polipropilini inahitaji kwanza dawa maalumu ya kushikisha rangi. Rangi zenye kichocheo cha kukausha chenye isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, ziachie wenye vifaa vya kupumulia. Ule weupe unaobaki polipropilini inapokunjwa hauhitaji rangi hata kidogo: pitisha hewa ya moto kwa mbali na kwa haraka, nao utafifia.

Wakati wa kufunga, zianzishe skrubu zote kwa vidole kabla ya kuikaza hata moja, kisha uzikaze kwa zamu na uishie pale washa inapoacha kuzunguka. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama kebo au waya unasuguana na sehemu uliyoiunga. Kama kazi ilikuwa ya digadi, inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono, halafu ukae kwenye pikipiki na kuikandamiza mara kadhaa ili springi zishuke. Uvimbe mdogo wa plastiki au ncha ya waya iliyosahaulika upande wa ndani hugusa tairi pale tu springi zinaposhuka kabisa, na ni heri uisikie ikikwaruza ukiwa umesimama.